Tawi Ambalo Halikulazwa

Mkuki wa baba yao ulikwenda kwa Gaudensi, mdogo, na Nestory, mkubwa, akaachiwa jembe. Mzee alisema kabla ya kufa kwamba kila mtoto apewe kile ambacho mkono wake unakijua, na watu wa kijiji chao, upande wa Msanzi, wakaona ni haki. Nestory alilishika jembe, mahindi yake yakashinda ya wengi, ila nani aliwahi kusimamishwa njiani asifiwe kwa mahindi?

Kila mwaka mahindi yakikaribia kukomaa nguruwe pori huteremka kutoka vichakani, na wanaume huitana na mbwa wao. Nyama ina desturi yake. Aliyechoma wa kwanza huchukua kidari akampelekea mama yake. Wengine hupata kadiri walivyosaidia. Miaka kumi na moja Gaudensi alimpelekea kidari mama yao, Luciana. Miaka hiyo hiyo Nestory alirudi na shingo. Naye alimpelekea mama. Kidari kikifika mama husema, "Asante, mwanangu." Shingo ikifika husema, "Weka hapo."

Kwenye kilabu cha pombe ya ulezi walikwisha kumbatiza jina. "Mzee Shingo, sogea, kaa," walimwambia, na Gaudensi akacheka pamoja nao. Kicheko chake hakikuwa na ubaya hata chembe. Hicho ndicho Nestory hakuweza kukisamehe.

Mwezi wa nne mwaka huu dume moja liliingia shambani kwa Lydia, mke wa Gaudensi. Lilikula kidogo tu, mengine likayaangusha na kuyakanyaga mpaka matuta yakawa sawa na njia. Lydia alisema mnyama yule ni katili, anaharibu kwa raha. Ngeleja, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia jirani yao, alimcheka kwa upole.

"Nguruwe hana ukatili, shemeji. Ukatili unataka umjue mtu kwa jina."

Wakaenda kuwinda asubuhi, wanaume sita. Gaudensi alilichoma dume begani, likapenya kwenye majani marefu likivuja damu. Kabla halijatoweka lilimrarua mbwa mmoja, na Gaudensi akabaki kumfunga mbwa kwa kipande cha shati. Wengine walikuwa bado nyuma; akamwambia kaka yake atangulie kufuata damu, yeye anakuja.

Sasa, nguruwe aliyejeruhiwa ana tabia moja. Hukimbia, kisha huzunguka na kurudi kuvizia pembeni mwa njia yake mwenyewe. Kwa hiyo anayetangulia, akiona damu imegeuka, huvunja tawi lenye majani akalilaza njiani, ncha ikielekea alikokwenda mnyama. Anayefuata akilikuta, husimama. Asipolikuta, hupita bila wasiwasi. Hata mtoto wa miaka saba anajua.

Nestory aliiona damu ikigeuka kuingia kwenye matete. Akavunja tawi. Alikuwa nalo mkononi alipokumbuka "Weka hapo." Akafikiri kwamba akizunguka upande wa pili upesi, atalimaliza dume mwenyewe, na kwa mara moja tu watu wabishane kidari ni cha nani. Akalitupa tawi majanini, akazunguka.

Alikuwa bado anazunguka aliposikia ndugu yake akiita jina lake. Aliliita mara moja tu.

Walimpakia Gaudensi kwenye pikipiki, paja limepasuliwa hadi kwenye nyonga. Hospitali ya Matai hakuiona; alifia njiani.

Msibani watu walijaa kuliko msiba wowote Nestory aliowahi kuuona. Waliketi mpaka nje ya ua, na katekista alimzungumzia marehemu kwa muda mrefu. Nestory, huku machozi yakimtoka kweli, alijikuta akihesabu watu na kujiuliza kama nusu yao wangekuja kwake. Alijichukia, na akaendelea kuhesabu.

Siku ya tatu wanaume walipanga kurudi kulisaka dume. Lydia alileta ule mkuki akaulaza mapajani mwa Nestory.

"Shemeji, sasa ni wako. Likatili lile lisife kwa mkono wa mtu mwingine."

Mama Luciana, kwenye mkeka, akamtazama mwanawe mkubwa kama alivyokuwa akimtazama yule mwingine. Miaka kumi na moja aliyatamani macho hayo. Yalikuwa yake sasa. Ilikuwa ni kufumba mdomo tu.

Nestory alisimama, akaenda kwenye ua wa miti, akavunja tawi lenye majani. Akarudi akalilaza chini mbele ya Lydia, ncha ikielekea miguu yake mwenyewe. Ngeleja akavua kofia.

Lydia alilitazama tawi, kisha akamtazama yeye.

"Ulifika pale kabla yake?"

"Nilifika."

"Ukaiona damu imegeuka?"

"Niliiona. Tawi nilishalivunja, shemeji. Nikalitupa."

Mama aligeuza uso ukutani. Lydia aliuchukua mkuki, akamkabidhi Ngeleja. Kuhusu nguruwe hakusema neno tena, siku ile wala baadaye. Mtoto mmoja alipotaka kulichezea lile tawi, alimzuia kwa mkono, akalisogeza likae kama lilivyokuwa, ncha kwa Nestory.