Fimbo za Njia ya Msituni

Dukani kwa Abedi, pale Kasuku mjini Kindu, Halima alishika fimbo ya kwanza akaipima mkononi kama mtu anayepima kuku kabla ya kumnunua. Ilikuwa ya chuma kinene, ya kuvuta ili irefuke.

"Hii njo imara, Mama," Abedi alisema. Vitu vyake alivitoa Goma, kwa watu wanaopanda volkano. "Hata muntu munene anaegemea, haipindi."

"Nakuamini, baba. Lakini iko nzito."

Malaika, binti wa Halima, alisimama mlangoni amekunja mikono. Tangu mama yake atangaze kwamba atakwenda kwa miguu kumsalimia Mzee Onema, hakuacha kulalamika. Kijiji cha Onema kilikuwa ndani ya msitu, upande wa Kalima, na siku hizi pikipiki zilifika huko kwa barabara mpya. Tena goti la Halima lilivimba kila alipokaa sana kwenye cherehani.

"Mama, motari wa pikipiki yuko. Mateso haya ya nini?"

"Ile njia nilipita na wewe ku mugongo," Halima akajibu. "Nilipita nikikimbia. Sasa nataka kuipita nikitembea."

Malaika alikuwa bado ananyonya vita ilipofika Kindu. Baba yake alikuwa safarini Lubutu, barabara imefungwa. Risasi zilipoanza kulia, Halima alimfunga mtoto kwa kitenge, akaingia msituni pamoja na majirani, na njiani akakata fimbo ya mti. Fimbo ile ilimvusha matope mengi. Lakini walipofika kwenye gogo lililolazwa juu ya mto, alihitaji mikono yote miwili kushika kamba ya kuvukia. Fimbo hakuwa na pa kuiweka. Akaitupa majini, akavuka, na ng'ambo akatambaa zaidi ya alivyotembea. Onema alimkuta ameanguka kando ya shamba la muhogo. Alimpa chumba, na muda wote aliokaa pale hakumuuliza hata siku moja ataondoka lini.

"Nataka nyepesi, ya kuingia ndani ya begi," Halima alimwambia Abedi.

"Sina ingine ya kukunja?" Abedi alijiuliza kwa sauti, akainama chini ya meza. Aliinuka na fimbo mbili zilizokunjwa vipande vitatu, vimeshikana kwa kamba iliyopita ndani. Akaitikisa moja; vipande vikanyooka, kitufe kikalia *ta!*

Halima aliipokea. Ilikuwa nyepesi kama mwiko. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa begi, akaitoa, akaikunja tena. Kisha akatoka nje penye matope ya mvua, akairefusha mpaka kiwiko chake kikapinda sawasawa, akaiegemea kwa uzito wake wote. Ncha ilizama. Abedi akaifungia kisahani cha kuzuia kuzama, Halima akaiegemea tena.

"Hizi," Halima alisema.

"Hazitavunjika?" Malaika aliuliza.

"Egemea wewe mwenyewe."

Malaika akaegemea. Fimbo haikupinda.

Siku ya safari Malaika alikataa kumwacha mama yake aende peke yake. Motari aliwashusha asubuhi njia panda, pale barabara mpya inapoachana na njia ya zamani, nao wakaingia kwenye ile ya zamani. Halima alitangulia, fimbo moja huku, nyingine huku, goti likiuma bila kumzuia. Penye mto, gogo lilikuwepo, lingine lakini mahali palepale. Alizikunja fimbo, akazitia begini, akashika kamba kwa mikono miwili, akavuka bila kusimama. Ng'ambo alizinyoosha, akageuka kumngoja binti yake, aliyekuwa anakuja polepole, macho yamemtoka.

"Na mimi nilikuwa ku mugongo hapa?" Malaika aliuliza alipofika.

"Hapa. Ulikuwa unalala."

Jua lilikuwa limeinama walipomkuta Mzee Onema akianua mpunga wake. Alikuwa amezeeka sana, lakini sauti ya Halima aliitambua kabla ya uso.

"Karibu, mwanangu! Pikipiki imewaacha wapi?"

Halima alifungua kinywa, Malaika akamuwahi.

"Pikipiki iliishia njia panda, tate. Mama amekuja na miguu! Kutoka kule mpaka hapa. Ule mto amevuka mbele yangu, mimi ninatetemeka. Na ule mutoto wa kitenge njo mimi."

Majirani walianza kusogea. Malaika akarudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Halima aliketi, akavua viatu, akamwacha aseme.