Gitaa Linapokatika

Kazi yangu ni kukodisha spika kwenye matanga hapa Mjambere, na kwetu muziki usipotikisa mabati watu husema umewapunja. Basi mdogo wangu Katana aliponipa albamu yake ya roki, aliyoirekodi peke yake chumbani, nikaona nimsaidie. Kabla hata sijaisikiliza, niliipiga matangani mchana kweupe, besi juu.

Spika zikavuma tu. Gitaa likasikika kwa mbali, kisha kimya, kisha gitaa tena.

"Mama wa mziki, mashini nayo imekufa?" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Katana alikuwa amesimama pale pale. Jioni akaniambia kwa upole kwamba Jumamosi Maxwell wa Changamwe atakuja kulinunua gitaa lake, na yeye hatapiga tena. Heri angenitukana.

"Lakini albamu ni nzuri," nikamwambia.

"Nzuri wapi, dada?"

Nami nilikuwa bado sijaisikiliza. Akaondoka.

Tangu hapo roho yangu haikutulia. Nilitia waya za simu masikioni nikaanza mwanzo. Nikasinzia. Nikairudia nikipika, nikaghadhibika: hivi huyu alishindwa nini kuweka ngoma? Nikairudia nikifua, na safari hii nikajikuta mikono imesimama ndani ya povu, nangoja. Katika wimbo wa nne gitaa hukatika ghafla. Najua litarudi, nimeshalisikia likirudi, na bado moyo hunienda mbio mpaka ile noti moja iingie, polepole, kama mgeni anayepiga hodi.

Nikaipenda, tena kwa hasira. Lakini nitamwambiaje? Mimi malkia wa besi, nikisema nimependa kimya, si atadhani namhurumia?

Jumamosi Maxwell akafika. Gitaa lilikuwa limeshaviringishwa kwenye shuka.

"Katana," nikasema, "wimbo wa nne, pale unapoacha. Kila nikisikiliza naogopa hutarudi."

Akanigeukia.

"Hata mimi niliogopa," akasema. "Siku ile ya kurekodi nusura nisirudi."

Maxwell alikuwa ameshalipakata gitaa. Katana akamwendea, akalishika shingoni.

"Niwie radhi, ndugu yangu," akamwambia. "Dada amesikia."