Neno Lililokosekana Kwenye Shtaka la Josias Pell

Wengine huogopa radi. Mimi naogopa neno moja la mahakamani, na hata leo silitamki ovyo.

Mwaka ule Bunge la Uingereza liliamuru kesi zote ziandikwe kwa Kiingereza, Kilatini kikome. Hapa Wexcombe tulishangilia. Walionuna ni makarani. Bwana Lyle, karani wa mahakama, alikuwa amezeeka na Kilatini chake, mkono ukikimbia wenyewe kwenye karatasi. Sasa ikambidi atafsiri mashtaka yote upya, na huku tarumbeta za kumpokea jaji zinalia.

Shtaka mojawapo lilikuwa la kaka yangu Josias, mtumishi wa Bwana Garrod, mkulima. Mama yetu alikuwa anakata roho ng'ambo ya vilima. Josias aliomba ruhusa akanyimwa, maana ulikuwa msimu wa kukata nyasi. Alfajiri akamchukua Juniper, farasi jike wa Garrod, akaenda. Alimzika mama, akashika njia ya kurudi. Njia hiyo inapita gulioni, na siku hiyo ndiyo farasi walikuwa wakiuzwa. Wakamkamata hapo hapo, kamba mkononi. Nani angemwamini? Na kwetu mwizi wa farasi hunyongwa.

Tena kwetu, mshtakiwa wa kosa la kunyongwa hapewi wakili wa kumtetea. Husemwa jaji ndiye wakili wake. Msemo huo niliuona dhihaka tupu. Paka awe wakili wa panya!

Wazee wa baraza hawakutoka hata nje. Waliinamisha vichwa pamoja, wakanong'ona, wakasema ana hatia. Jirani yangu Bi Orchard akanishika kiuno.

"Jikaze, Tabitha," akaninong'oneza. "Ukianguka hapa watakukanyaga, watu hawa hawana haya."

Karani akauliza, kama ilivyo desturi, "Josias Pell, una la kusema kwa nini usihukumiwe kufa?"

"Sina, mheshimiwa," akajibu kaka yangu. "Ila Juniper asinyweshwe maji akiwa bado anatoka jasho. Huumwa tumbo."

Watu wakacheka. Mimi nililia. Jaji alikuwa ameshakishika kitambaa cheusi anachoweka kichwani akitoa hukumu ya kifo, lakini hakukiweka. Alivaa miwani, akaomba shtaka, akalisoma polepole, kidole chini ya kila mstari.

"Bwana Lyle, neno liko wapi?"

"Neno gani, mheshimiwa?"

"Unaniuliza mimi? Umeliandika kwa Kilatini tangu ndevu zako zikiwa nyeusi! Hapa naona aliiba, alimchukua, akaondoka naye. Kwa moyo gani? Neno feloniously, yaani kwa nia ya uhalifu mkubwa, liko wapi?"

Karani akageuka rangi ya jibini. Katika kutafsiri kwa haraka, lilimponyoka.

Jaji akatugeukia sisi wananchi, jambo ambalo sikupata kuliona kabla wala baada.

"Neno hili ni la kale kuliko kuta hizi," alisema. "Zamani mtu alipiga magoti, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana wake, akaapa uaminifu. Akimgeuka, huyo ndiye aliyeitwa kwa neno hili, akapoteza ardhi na jina. Waliokuja baadaye wakasema limetokana na nyongo, yaani ametenda kwa moyo wenye nyongo. Siku hizi tunalinyunyiza kama chumvi, kwa kila mwizi na kila mwuaji, na hatulionji tena. Lakini sheria bado inalidai. Lisipoandikwa, siwezi kumnyonga mtu."

Watu waliopiga magoti wakafa, hata makaburi yao hayajulikani, na neno lao bado lilikuwa limesimama kati ya kaka yangu na kamba.

Kisha jaji akaniua mara ya pili. "Bwana Garrod, una haki ya kuleta shtaka jipya. Karani ataliandika sasa, na neno lenyewe ndani yake. Ila uape kwamba huyu alikutenda kwa moyo huo wa nyongo."

Garrod akasimama, akiizungusha kofia yake. Alikuwa mtu mkaidi, na mimi namjua: akisema jiwe ni mkate, utatafuna. Akamtazama Josias kwa muda mrefu.

"Alimchukua farasi wangu," alisema. "Hilo naapa hata mara mia. Lakini mheshimiwa... mama yake alikuwa anakufa, nami nikamwambia nyasi kwanza." "Hiyo nyongo mnayoitafuta, msiitafute kwake. Siapi."

Jaji akakikunja kitambaa cheusi, akaamuru Josias aachiliwe. Mkuu wa jimbo akatuma mtu mbio kutafuta glavu nyeupe, maana jaji hupewa glavu nyeupe kikao kikiisha bila mtu kuhukumiwa kufa, na kwa hakika hakuna aliyekuwa amezinunua.

Nje uani tulimkuta Juniper, ambaye Garrod alikuja naye, amefungwa juani, mbavu zimelowa jasho. Josias alisimama mbali, hajui kama anaruhusiwa kusogea. Garrod akaifungua kamba, akaitia mikononi mwa kaka yangu, akaifumbata mikono yote miwili kwa mikono yake. Hakuiachia upesi.

"Mpeleke nyumbani," alisema. "Na usimpe maji kwanza."