Mgambo Alivyokata Salamu

Mtoto wa mbwa wa mzee Ngusa aliitwa Mgambo. Kwa umbo angeenea ndani ya ndoo, lakini meno yake yalichoma kama miiba ya mgunga. Kazi yake ilijulikana kabla hajafumbua macho: kulinda zizi. Pale Majimoto wezi wa ng'ombe siku hizi wanakuja na pikipiki, na jirani aliyelala bila mbwa aliamka bila madume yake ya kulimia.

Basi mzee alimfunza ukali. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda mbele ya zizi, akamchezeshea vidole puani, akamvuta midomo, akamchokoza mpaka kijibwa king'ang'anie mkono wake mgumu kama gome la mti.

"Ng'ata! Ng'ata sana! Mbwa asiyeng'ata ana tofauti gani na mbuzi?"

Mgambo alilielewa somo. Alielewa kwamba mkono wa mtu umeumbwa kwa ajili ya meno. Mkono wa nani, hilo hakufundishwa.

Aliyeumia ni Nyanzala, mke wa Nkwabi, mkwe wa mzee. Mkwe wa Kisukuma hamsalimii baba mkwe amesimama wima kama abiria wa stendi. Anapiga magoti, anainamisha macho, anakutanisha viganja, anasema, "Mwangaluka, baba." Mzee anaitikia, kisha anauliza mtoto ameamkaje, ng'ombe wameamkaje, hata kwao wameamkaje. Salamu ina safari yake. Na kila Nyanzala alipogusa magoti chini, viganja vyake vilikuwa sawasawa na mdomo wa Mgambo.

Vidole vyake vilijaa makovu, lakini vidole havikumnyima usingizi. Kilichomnyima usingizi ni mwanawe, Malale, aliyekuwa ameanza kutambaa.

"Mwambie baba aache kumchokoza yule mbwa," alimwambia mumewe.

"Nimwambie mimi? Atasema nimetawaliwa na mwanamke. Vumilia, mbwa akikua ataacha."

"Na Malale akue na sikio moja?"

Nkwabi alikuna kichwa. "Basi nitamtia kwenye gunia nikamtupe mbali."

Hilo nalo Nyanzala hakulitaka. Zizi lilihitaji mbwa, na mbwa hakuwa na kosa, alikuwa anatii. Mwenye kosa hakuwa wa kuambiwa. Mke wa shemeji yake alishawahi kumrekebisha mzee Ngusa mbele ya watu, akarudishwa kwao Ilembo kwa sababu ya ulimi wake, na mpaka leo yuko huko.

Siku moja alikwenda kurudisha ungo kwa Theopista, jirani yao wa kabila la Wapimbwe, ambaye jike lake ndilo lililomzaa Mgambo. Ndugu zake Mgambo walikuwa wakibiringishana uani. Mmoja akazidisha, akamng'ata mwenzake kwa nguvu. Aliyeng'atwa akapiga kelele, akampa mgongo, akaenda zake chini ya kihenge. Yule mng'ataji akabaki peke yake, amepumbaa. Aliporudi kucheza, alirudi kwa adabu.

"Dada, unataka na wa pili?" Theopista alicheka. "Nyie Wasukuma mnapenda mifugo mpaka inawala!"

"Naangalia tu wanavyosusiana," Nyanzala alisema.

Kesho yake alipiga magoti mbele ya mzee. "Mwangaluka, ba—"

Meno yakaingia.

"Aii!" Akainuka, akampa Mgambo mgongo, akaenda jikoni. Mzee akabaki na jibu mdomoni. Baada ya kitambo Nyanzala akarudi, akapiga magoti tena. Meno tena. "Aii!" Akaenda zake.

"Nyanzala! Unanisalimia au unaniaga?"

"Nakusalimia, baba. Mgambo ndiye ananikatisha."

"Mvumilie."

"Nikimvumilia nitalia mbele yako, baba. Hiyo nayo ni adabu?"

Mzee akaguna. Ikawa hivyo asubuhi baada ya asubuhi, hata mzee akajikuta anakunywa uji bila kuulizwa hali yake na mtu.

Ndipo akaja Kashinje, rika lake kutoka Kasokola, kutazama ndama. Nyanzala alipiga magoti mbele ya wazee wote wawili. Akinyamaza akang'atwa, Mgambo atakuwa ameshinda. Akiondoka, amemwaibisha baba mkwe mbele ya mgeni. Mgambo akadaka kidole.

"Aii!" Akainuka, akaondoka.

Kashinje alicheka mpaka akakohoa. "Ngusa! Kumbe kwenye mji wako salamu anapokea mbwa?"

Jikoni Nyanzala aliegemea ukuta, akaiona njia ya Ilembo mbele ya macho yake. Kisha akasikia kisu kikikata ngozi huko nje.

"Nyanzala! Njoo umalizie!"

Alirudi. Mzee alikuwa ameficha mikono yote miwili ndani ya blanketi lake. Chini, Mgambo alikuwa anatafuna kipande cha kamba ya ngozi ya ng'ombe, hana habari na mtu. Nyanzala akapiga magoti, na salamu ikaenda safari yake yote, ikafika hadi kwao na ng'ombe wa kwao.

Tangu siku hiyo mzee hakumchezeshea Mgambo mkono tena, wala hakuruhusu mtu. "Toa vidole!" alimkemea Nkwabi. "Unataka nikose salamu?" Meno yakigusa ngozi ya mtu, mzee mwenyewe ndiye aliyepiga kelele, akainuka na kigoda chake, akampa mbwa mgongo.

Mvua zilipoanza, Mgambo alishajua kufukuza pikipiki ngeni mpaka barabarani. Na Malale alishajua kutambaa mpaka zizini. Nyanzala alimwona akiwa ameshafika, amelishika sikio la Mgambo kwa ngumi zote mbili, analivuta. Aliangusha mwiko, akakimbia.

Mgambo alifungua mdomo. Akauzungusha kwenye mkono ule mdogo, akasita. Kisha akauachia, akaenda kutafuta kamba yake ya ngozi.

Mzee Ngusa alijinyoosha kwenye kigoda. "Umeona? Mbwa huyu nimemfunza mwenyewe."

Nyanzala alimpakata mwanawe, akaukagua mkono wote, kidole kwa kidole. Kisha akapiga magoti.

"Ndiyo, baba," akasema.