Bushi za Mpini wa Jembe

Pikipiki ya Luka ilikuwa mchanganyiko, tena mchanganyiko wa aibu. Fremu ilitoka kwenye pikipiki iliyoungua Galula. Shokapu za mbele alizinunua Nakonde, za pikipiki kubwa la Kizambia, na rimu ya mbele ilikuwa ya kapikipiki kadogo ka kuendea sokoni. Fundi Fanuel wa Mkwajuni alihangaika miezi minne kuzipatanisha, huku akimtukana kimoyomoyo aliyezileta. Lakini utamfanyaje? Luka ni mume wa Recho, na Recho ni dada wa pekee wa Fanuel. Shemeji akikuletea mabaki, unasema asante.

Kasheshe ilikuwa ekseli. Matundu ya shokapu yalikuwa mapana, ekseli ya rimu nyembamba. Ukiichomeka inacheza kama mguu wa mtoto ndani ya buti la baba yake. Dawa yake ni bushi za chuma za kuziba nafasi, na hizo zinakerezwa Tunduma. Sasa Fanuel alikuwa na mtindo wake, hakuamini vipimo vya rula hata kidogo. Alichonga kwanza bushi za mti, kutoka mpini wa jembe uliovunjika, azijaribu mpaka aridhike, ndipo azichomoe ampelekee mkereza vyuma amwambie, nitengenezee kama hizi. Ili mti usipasuke akazipaka grisi nzito, zikawa nyeusi tii. Ungeapa ni chuma.

Jumamosi asubuhi alizichomeka, akakaza nati, gurudumu likazunguka limenyooka. Alifurahi, jamani! Akaenda nyumbani kunywa chai, akirudi azichomoe apande gari la Tunduma.

Aliporudi, pikipiki haipo.

"Shemeji yako kaja," alisema Marta, mama chapati wa jirani. "Kaikuta imesimama kwa miguu yake, nusura acheze ngoma. Kampakia Recho na mtoto, wameenda Galula kumwonyesha bibi."

"Na wewe ukamwacha?"

"Ebo! Mimi ningejuaje? Si ina magurudumu?"

Fanuel alipiga hesabu harakaharaka. Barabara ya tambarare mti ungeivumilia kilomita kadhaa. Breki ya mbele ndiyo usingeivumilia. Ukiibana kwa nguvu mara moja tu, mti unapasuka, gurudumu linakaa upande, waliopanda wanarushwa. Na Luka, Mungu amsamehe, alijua breki moja tu duniani, nayo ni hiyo ya mkononi.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, yule dada wa kwenye simu akamjibu kwa adabu ileile, Fanuel akamtusi. Akakimbilia kijiwe cha bodaboda, akakuta kitupu, wote wamepeleka watu mnadani. Akarudi anatweta, akapiga, akapiga. Marta aliacha chapati ziungue, akaanza kuomba kwa sauti. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini wa Fanuel alizaliwa asubuhi hiyohiyo na tayari alikuwa anamkaba koo.

Mara ya kumi na tisa simu ikaita. Badala ya kufurahi, alitaka kulia. Njia nzima ya Galula mtandao unashika mahali pamoja tu, juu kabisa ya mteremko wa kuingia korongoni.

Luka alipokea, simu kaibana ndani ya helmeti. Upepo ulivuma, na nyuma yake mtoto alikuwa anacheka.

"Shemejiii! Fundi wa mafundi! Hii kitu inateleza, acha kabisa! Ndiyo tunaanza kushuka!"

Fanuel alifungua mdomo aseme simama, akaung'ata ulimi wake. Kusimama ni breki. Kuendelea ni mteremko. Alitafuta neno la tatu, hakuliona.

"Luka," alisema polepole, jasho linamtiririka. "Nisikilize, baba. Usiguse breki ya mbele. Achia mafuta, iache ipunguze yenyewe..."

"Unasemaje? Upepo mkali huku!"

"Breki ya mbele, Luka! Usiiguse!"

"Sikupati, shemeji!"

Fanuel alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Upande wa pili Luka alikuwa mtulivu, mwenye heshima zake, kama siku ile alipokuja kumposa Recho.

"Samahani sana, shemeji," alisema. "Subiri kwanza nisimame, nikusikie vizuri."