Ilikotoka Dawa

Siku Rehani aliyorudi na mchele, mkewe hakufurahi hata kidogo. Mwaisha alikuwa amelala ubavu wa kulia, maana wa kushoto haukukubali tena kulaliwa, akamwona mumewe akiingia na kibunda kwapani kama mtu aliyeokota kitu njiani. Mchele. Kipande cha sukari guru. Na ndani ya jani la mgomba, vidonge vyeusi vya afyuni kutoka duka la Dilip kule mjini.

"Umepata wapi?"

"Nimepata kibarua."

"Kwa nani?"

"Kula kwanza, mke wangu."

Nyumba yao, mlimani juu ya Bigwa, haikuwa na kitu cha kuuza tena. Uvimbe ulioanza titini kama kokwa ya zambarau ulipasuka mwaka ule garimoshi lilipofika Morogoro kwa mara ya kwanza, ukawa donda lisilofunga. Mganga wa kwanza alichukua mbuzi na kitoto chake. Wa pili akachukua jembe jipya. Mwalimu wa chuo cha Kurani mjini, mkweli kuliko wote, alitazama akasema hiyo ni saratani, na yeye hana cha kufanya ila dua; wakamwachia jogoo hata hivyo, kwa kuona aibu kurudi naye. Kisha kanga za Mwaisha zikaenda, moja baada ya nyingine.

Kodi ya Mdachi haikulipwa. Wengi pale mlimani hawakuwa wamelipa. Wanaume walilala msituni na kushuka kwa kunyatia, kwa sababu aliyekamatwa na askari wa akida alipelekwa kuvunja mawe ya barabara, na siku ya kurudi kwake aliijua Mungu. Rehani peke yake alilala nyumbani, na hakuna askari aliyegonga mlango wake. Mwanzoni Mwaisha alidhani wanamwonea huruma kwa kuwa anauguza.

Alikula wali ule. Akameza afyuni, ikamchukua ikamweka mbali na mwili wake, akalala usingizi alioukosa tangu kiangazi.

Haukupita muda, Stambuli akakamatwa. Alikuwa jirani yao wa karibu kabisa, migomba yao ikigusana. Mkewe, Mwajuma, alikuja na mtungi wa maji kama alivyokuja kila siku tangu Mwaisha ashindwe kwenda mtoni. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Alishuka mara moja tu, kumwona mtoto," alisema. "Wakawa wamo migombani, wanamsubiri. Walijuaje, dada?"

"Sijui, mdogo wangu."

Mwajuma alitua mtungi. Aliangalia chungu kilichofunikwa pale jikoni, akamwangalia Mwaisha, akaaga.

Rehani akatoka tena kwenda kwenye kibarua chake. Safari hii alirudi na bafta nyeupe ya kufungia donda, na afyuni nyingi zaidi. Wiki hiyohiyo Yakobo, kijana wa bonde la pili, akakamatwa kwenye mzinga wake wa nyuki msituni, mahali asipopajua mtu ila jamaa na marafiki. Rehani alikuwa rafiki yake.

Mwaisha akaanza kumchunguza mumewe. Aliona kuwa mikono yake haikuwa na sugu mpya. Kibarua gani hakiachi alama mkononi? Aliona kuwa anapomfunga bafta macho yake hutazama ukutani. Watu waliokuwa wakisimama mlangoni na kusema hodi, wakapiga soga, sasa walipita wakikohoa tu. Mara nyingine alijilaumu: huyu mtu ameuza kila alichonacho kwa ajili yako, nawe unamtilia shaka kwa kukupikia wali? Ugonjwa umekula nyama, sasa unakula akili. Kisha maumivu yakipanda alimeza afyuni, na shaka yote ikalala pamoja naye.

Mpaka asubuhi ile Rehani alipokuwa akimpaka mafuta mgongoni, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mchanga.

"Shemeji yangu hatujamwona siku nyingi," Rehani alisema. "Siku hizi analala wapi?"

Mwaisha alihisi vidole vimesimama mgongoni mwake. Mwinjuma, kaka yake, ndiye ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye. Alilala kwenye pango nyuma ya maporomoko, na Mwaisha alipajua kwa sababu huko ndiko walikojificha mvua utotoni.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kumpelekea chumvi."

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na dungu la marehemu mama yao, la kulindia mahindi, lililoachwa na lililoonekana wazi kutoka kitandani pale karibu na mlango. Mwaisha alilitazama kwa muda.

"Analala dunguni kwa mama," akasema.

Akaomba moyoni awe amemkosea mumewe. Aliomba kweli. Kutwa nzima hakuondoa macho ng'ambo, na siku iliyofuata jua lilipochomoza aliona kofia za askari zikipanda mteremko kwa kuinama, wakalizunguka dungu. Walipokuta hamna mtu, walilichoma moto. Moshi ulipanda mwembamba, ukakatwa na upepo wa mlimani. Mwaisha hakulia. Alijiona mjinga tu, kwamba alihitaji moshi ili aamini.

Rehani aliitwa bomani siku hiyo. Aliporudi alikuwa akitembea kama mzee, shati limegandia mgongoni. Walimchapa viboko hamsa ishirini kwa kuwasumbua askari. Alijilaza kifudifudi sakafuni, kando ya kitanda.

"Ulinidanganya," alisema.

"Nilikutega nijue kama ni wewe. Nawe umenijibu."

Rehani akasema, mdomo ukiwa mkekani, "Ulikuwa unalia, Mwaisha. Ulikuwa unaniomba nikuue. Akida alikuwa na pesa, mimi nilikuwa na majina. Ungefanya nini?"

"Sijui ningefanya nini. Lakini Mwinjuma ni kaka yangu."

"Na Stambuli alikuwa jirani yangu. Unadhani sikulijua hilo?"

Kilikuwa kimebaki kidonge kimoja cha afyuni. Mwaisha alikishika akitaka kukitupa nje, kwenye majivu, mkono ukakataa. Maumivu yalikuwa yameanza kupanda kutoka mbavuni. Alikimeza, na aibu juu yake.

Mwajuma alipokuja na maji, Mwaisha alimwambia akae. Alimwambia yote: mchele, bafta, dungu. Hakuisingizia afyuni. "Nilianza kujua mapema, nikaendelea kula," alisema.

Mwajuma alimsikiliza huku akimnyonyesha mtoto.

"Nilijua tangu siku waliyomchukua Stambuli," alisema mwishowe. "Harufu ya wali haifichiki."

"Mbona uliendelea kuniletea maji?"

"Nilikuwa nakuja kukutazama uso. Nilitaka kujua kama na wewe umo."

"Ukaonaje?"

"Siku nyingine niliona umo. Siku nyingine nikaona mgonjwa tu." Alimhamishia mtoto titi la pili. Pale sakafuni Rehani alikuwa macho. Wote wawili walijua anasikia. "Shamba la Stambuli linataka kulimwa kabla ya mvua. Mumeo akiweza kusimama, aje. Asiniamkie, asiniombe radhi. Aje alime, mpaka siku mwenyewe atakaporudi."

"Na asiporudi?"

"Alime."

Rehani alikwenda kabla ya mgongo kupona. Mwajuma hakumpa maji wala salamu. Kwa Mwaisha aliendelea kuja na mtungi, akamfundisha kung'ata kitambaa maumivu yanapozidi, kwa kuwa afyuni haikuwepo tena na haikuletwa tena. Alimwosha donda bila kugeuza uso. Kama alikuwa amemsamehe, hakusema, na Mwaisha hakuthubutu kuuliza.