Habu ya Kushoto

"Umesikia?" Kobe aliuliza, sikio lake likiwa limegandamana na chuma.

Mpwa wake aliacha kuvuta kamba. "Nimesikia tumbo lako, mjomba. Toka asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Vuta tena."

Akavuta. Habu ya gurudumu la nyuma, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu, pana kama pipa la maji, ilijizungusha polepole, na kamba iliyoviringishwa kiunoni mwake ikajifungua bila kukwama. Mwishoni mwa kamba palifungwa mizani ya kupimia mvuto, na sindano yake ilitulia palepale ilipotakiwa kutulia. Beringi ikilegea, gurudumu hucheza. Ikibanwa mno, huungua. Hii haikulegea wala haikubanwa. Lakini Kobe alikuwa ameisikia: ko. Mara moja, kila mzunguko.

Aliijua sauti ile. Ilikuwa pete ya shemeji yake ikigonga mlango wa karakana, kama alivyozoea kugonga kila asubuhi kabla ya kuchukua lori.

Walimwita Kobe kwa ajili ya mikono yake isiyojua haraka. "Kwa mwendo huu kutu itatutangulia," wenzake walimtania. Siku lori hili lilipoporomoka kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, shemeji yake akiwa ndani, Kobe alikuwa karakana, akipuliza chai ipoe. Walipolivuta kutoka shimoni, habu ya kushoto ilikuwa imepasuka na gia zake zimesagika. Je, ilipasuka ndipo lori likaanguka, au lori lilianguka ndipo ikapasuka? Hakuna aliyeweza kusema. Na chuma kikinyamaza, watu husema. Walisema dereva alisinzia.

Lori likatupwa nyuma ya karakana mpaka majani yakaota hadi kwenye usukani. Sasa kazi imezidi machimboni, habu mpya imeletwa, na aliyeomba kuliendesha ni binti wa marehemu, huyuhuyu mpwa aliyeshika kamba.

"Magari yote haya, kwa nini hili?" Kobe alikuwa amemuuliza.

"Nataka kuushuka ule mteremko nalo. Nione alichokiona baba. Basi."

Sasa Kobe alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono. "Tunafungua."

"Tena? Mjomba, kweli aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Unyasi nitaukagua kwanza, ndipo utacheka."

Walifungua kifuniko. Kobe alizitoa gia tatu ndogo, kisha ile ya katikati ambayo hizo ndogo huizunguka, akazilaza juu ya gunia safi. Alipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila jino. Alimulika tochi. Alinusa. Gia ziling'aa kama vijiko vya harusi, hazina hata mkwaruzo. Akazirudisha, akaweka sili mpya, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, akaikandamiza kwa vidole mpaka ikaketi, akafunga kifuniko. Alipoizungusha habu kwa mkono, peke yake, pete iligonga.

Alikuwa amemtuma mpwa wake akalete mpira wa kujazia upepo aliposikia viatu nyuma yake. Dada yake mkubwa, mjane wa shemeji, alikuwa hajaikanyaga karakana ile tangu mazishi.

"Imekamilika?"

"Bado kuipima upepo, dada. Karibu ukae."

"Sikuja kukaa. Isikamilike." Alisogea karibu, akashusha sauti. "Sema ina ufa. Neno lako hapa halipingwi. Watalikatakata lori lao, na mwanangu watamtafutia gari lingine."

"Haina ufa."

"Nimekuuliza ina nini? Nimekwambia la kusema."

Kobe alitazama mikono yake. Neno moja tu. Lingetoka bila jasho, na wala asingeulizwa. Badala yake alijikuta akisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Dada, nikiizungusha, namsikia. Ile pete yake."

Dada yake, aliyekataa kukaa, alikaa juu ya tairi. Alichezea kifungo cha mkoba wake.

"Hata wewe?" alisema mwishowe. "Mimi ni jikoni. Nikifungua bomba la maji, anagonga kabatini. Nimeondoa vyombo vyote. Nilidhani nimeanza kurukwa na akili, nikanyamaza."

Wote wawili wakasikiliza. Kobe alijihisi kama mtu aliyetuliwa nusu ya mzigo. Kumbe basi haikuwa gia.

Mpwa alirudi akiburuta mpira. Alimwona mama yake, akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kobe aliingiza upepo ndani ya habu, kidogo tu, akafunga vali. Alipaka maji ya sabuni kuizunguka sili yote. Kama kuna pa kuvuja, povu litaumuka. Wakasubiri. Mama aliinama mpaka uso ukakaribia chuma, macho yakiipekua sabuni inchi kwa inchi. Midomo yake ilicheza. Hakuna aliyewahi kukiombea kipovu namna ile. Sindano ya kipimo haikutikisika. Binti hakuitazama sindano hata kidogo. Alimtazama mama yake.

Sabuni ilikauka, ikabaki alama nyeupe.

"Mwambie," mama alisema bila kuinuka.

"Iko sawa," Kobe alisema. "Habu iko sawa. Mengine siyajui."

"Mama—" binti alianza.

"Nenda. Kama baba yako ana la kusema, mimi nimechoka kugongewa. Akakwambie wewe."

Walitia oili, wakafunga gurudumu, Kobe akikaza nati moja kisha ya upande wa pili, kwa zamu, mpaka spana ikagoma. Jua lilikuwa bado juu walipofika machimboni. Binti akiwa usukani, lori lilipanda tupu, likageuka kileleni, likaanza kushuka. Kobe alisimama chini na dada yake. Alisikia injini ikishikilia uzito, kokoto zikipasuka chini ya matairi, na hakuna kingine, ingawa alitega sikio mpaka likamuuma.

Katikati ya mteremko, pale lilipoporomokea siku ile, ukingo ukiwa umejengwa upya kwa mawe, lori lilisimama. Breki zilishika bila kelele. Injini ikazimwa.

Vumbi lilipita, likatua. Mlango ulifunguka, lakini hakushuka mtu. Ulionekana mguu mmoja tu, umening'inia juu ya ngazi, wa mtu aliyekaa akisikiliza.

"Anafanya nini?" dada aliuliza.

Kobe aligeuka amjibu, akaona dada yake amekwisha kuvua viatu, amevishika mkononi, anapanda kuelekea kwenye lori.